Mwanangu anataka kukopa nikachomwe sindano za goti

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 54, naishi upande wa Uporoto, njia ya kwenda Isyonje. Nina mume, watoto wanne na wajukuu watatu, na nalima viazi mviringo. Barua hii naisema tu, binti yangu ndiye anaichapa kwenye simu yake, kwa hiyo ukikuta makosa ni yake.

Goti la kulia linaniuma huu mwaka wa tano. Mwanzoni lilikuwa linauma wakati wa kuteremka tu. Shamba letu liko juu, nyumba iko chini, basi kupanda sikuona shida, kazi ilikuwa kurudi. Nikawa nateremka kinyumenyume kama mtu anayeshuka kwenye dari, watoto wananicheka na mimi nacheka nao. Siku hizi sicheki. Nikiamka asubuhi goti limekaza, mpaka nitembeetembee uani kama dakika kumi ndiyo linalegea. Ibada ikiwa ndefu, kuinuka ni mpaka nishike benchi la mbele. Likikunjwa linalia kama mtu anayetafuna bisi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku unaijua, ndiyo usiseme. Na sasa la kushoto nalo limeanza kuitikia.

Mwaka jana nilikwenda hospitali. Nikapigwa picha, daktari akasema gegedu, lile tabaka linaloteleza kwenye ncha za mifupa, limelika, goti limezeeka. Nipunguze uzito, nifanye mazoezi, dawa ya maumivu hii hapa, mwingine aingie. Nilitoka pale na hasira. Nina kilo 86, hilo sibishi. Lakini mazoezi gani anayoniambia mimi, mtu ambaye saa kumi na mbili asubuhi nishashika jembe? Yeye anayekaa kwenye kiti siku nzima ndiye wa kufanya mazoezi.

Dawa zilipoisha nikaendelea kununua mwenyewe kwenye duka la dawa, diklofenaki, kimoja asubuhi kimoja jioni. Za presha nazo nakunywa kila siku tangu 2019.

Kisha mdogo wangu anayeuza nguo Mwanjelwa akaniletea dawa ya asili. Ni unga, uko kwenye kichupa kisicho na maandishi, unaweka kijiko kwenye chai. Mama, nisikudanganye. Siku ya tatu nilipanda na kuteremka kama msichana. Nilichimba viazi, nikajaza magunia, Jumapili nikasimama na kwaya mpaka mwisho. Nikamwita mdogo wangu mkombozi. Nimeutumia miezi minne sasa. Ila uso umenijaa, watu wananiambia nimenawiri, mimi naona umevimba. Nakula sishibi. Juzi nimepima presha iko juu kuliko siku zote, na dawa sijaacha. Mwezi uliopita unga uliisha nikakaa siku mbili bila kuupata, nikawa kama nguo iliyokamuliwa, hata kikombe nikikiinua mkono unatetemeka. Ulipoletwa nikapona. Ndiyo nikaanza kuogopa.

Sasa kuna mwanangu wa kwanza, yuko Dar es Salaam. Amepata habari za kliniki moja huko ambako wanakutoa damu yako mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, wanakuchoma gotini. Mara tatu. Wamemwambia gegedu linaota upya na upasuaji hautahitajika. Pamoja na nauli na mahali pa kulala ni kama milioni moja na laki nane. Mshahara wake naujua, na wana mtoto wa miezi mitano. Anataka kukopa. Kila Jumapili jioni simu: "Mama, umesharidhia?" Nikikataa ananiambia nataka kuwaachia lawama. Nikikubali, mkwe wangu ataniangalia vipi?

Baba yao si mkali. Anasema nipumzike, shamba alilime kijana wa kaka yake, mimi nibaki nyumbani nifuge kuku. Lile shamba ni ekari moja na nusu, nilipewa na baba mkwe mwenyewe kabla hajafariki, mbele ya watu. Hela ya viazi vyake imesomesha watoto wawili. Nikimwachia mtu msimu mmoja halirudi, ukoo huu naujua. Na kusema kweli, mume wangu akisema "pumzika" mimi nasikia "umekwisha".

Kuna jingine dogo, naona aibu lakini nitalisema. Mwezi uliopita jirani alifiwa. Wanawake wote tuko chini kwenye mikeka, nikajua nikikaa sitainuka bila watu wawili, nikaomba kiti. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Huyu siku hizi anakaa na wazee wa kiume." Tangu hapo imetokea misiba miwili, sijaenda, nimetuma mchango tu. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nimepunguza kunywa maji mchana ili nisiende mara nyingi.

Naomba uniambie. Nizikubali sindano? Niendelee na unga? Niachie shamba? Au ningoje tu mpaka siku watakayonikata?

Mama wa Uporoto

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie binti yako sijaona kosa hata moja.

Umeuliza maswali manne, na mimi nimeona matano. Unaumwa goti, hilo la kwanza. Unga umekusaidia na sasa unakutisha. Mwanao anataka kukuonyesha mapenzi kwa mkopo. Mumeo anataka kukuonyesha mapenzi kwa kukuondoa shambani. La tano ni mkeka, ambalo umeliita dogo, na mimi silioni dogo hata kidogo. Yote yamefungwa kwenye goti moja, ndiyo maana linakuwa zito kuliko picha ya hospitali inavyoonyesha.

Niruhusu nianze na unga kwa sababu ndilo lisilongoja. Kabla ya safu hii nilivaa gauni jeupe wodini kwa miaka mingi, na hayo uliyoyaandika nimeyakuta kwa watu wengi: nafuu ya siku tatu, uso kujaa, njaa isiyoisha, presha kupanda, na mwili kuisha nguvu ukikosa dozi. Ndani ya kichupa chako siwezi kuona. Lakini dalili hizo zikija pamoja, mtu wa hospitali hufikiria dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, ambazo wapo wanaozisaga na kuzichanganya kwenye unga wa mitishamba. Steroidi hupooza uvimbe haraka kweli, si uchawi. Tatizo ni kwamba mwili unatengeneza ya kwake, kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukiletewa ya nje kila siku kwa miezi, zile tezi hulala. Siku ya nje ikikosekana ghafla, ya ndani haipo. Huenda ndiyo ile nguo iliyokamuliwa.

Kwa hiyo hapa, na ni hapa tu, nitakusukuma. Usiendelee kimyakimya, na pia usiumwage leo ukasema umeacha. Kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko kuendelea. Chukua kichupa hichohicho, nenda nacho hospitali wiki hii, sema umeutumia miezi minne, kijiko mara ngapi kwa siku. Wapime presha, sukari na figo, kisha wao wakupangie namna ya kupunguza. Ukijikuta unatapika, una kizunguzungu kikali au huwezi kusimama, nenda siku hiyohiyo, usingoje gari la asubuhi. Na mdogo wako usimgombeze. Alileta alichoamini kitakusaidia, na huenda aliyemuuzia naye hajui. Mimi sina ugomvi na dawa za asili. Nchi hii ina sheria yake tangu 2002, na waganga husajiliwa. Ugomvi wangu ni na kichupa kisicho na jina la kilichomo wala la aliyekitengeneza.

Hukusema kama diklofenaki umeiacha ulipoanza unga. Kama unavinywa vyote viwili, waambie hilo pia. Diklofenaki ya kumeza kila siku hupandisha presha, hubana figo na huweza kutoboa tumbo. Ikikutana na steroidi, hatari ya vidonda vya tumbo inaongezeka. Ikikutana na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza, figo ndizo zinazolipa. Halafu wewe huyohuyo umejinyima maji! Unaona jinsi choo cha kuchuchumaa kinavyoweza kufika mpaka kwenye figo? Ipo diklofenaki ya kupaka, jeli, na kwa goti inasaidia wengi kwa sababu goti liko karibu na ngozi na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Iulizie. Parasetamoli nayo si kali kwa tumbo, ila kwa goti la namna hii nafuu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na usizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku.

Sasa tukae tuzungumze.

Daktari alisema goti limezeeka, wewe ukasikia limekwisha. Naelewa, kwa dakika alizokupa hakukuwa na nafasi ya kusikia kingine. Lakini ugonjwa huu, ambao hospitali huuita osteoathraitisi, haufanani na soli ya kiatu, kwamba ikilika imelika, kila hatua ni hasara. Ndani ya goti kuna gegedu, kuna mfupa chini yake, kuna utando unaotoa ute, kuna mishipa na misuli inayolishika kama kamba za hema. Vyote vinahusika. Ndiyo maana wapo watu ambao picha zao zinatisha na wanatembea bila shida, na wengine picha ni nzuri na usiku hawalali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 365 walikuwa na ugonjwa huu kwenye goti. Wengi wao hawajawahi kupasuliwa wala hawatapasuliwa. Na hata anayepasuliwa, hakatwi mguu; hubadilishiwa uso wa goti, tena baada ya mengine yote kujaribiwa. Hiyo siku ya kukatwa unayoingoja, sijui nani amekuahidi.

Kukaza kwako kwa dakika kumi asubuhi, na maumivu ya kuteremka, vyote vinakubaliana na alichosema daktari. Ingekuwa kukaza ni kwa saa nzima na vidole vya mikono vimevimba, ningekuambia ukapimwe baridi yabisi. Na goti likiwa la moto, jekundu, limevimba ghafla na una homa, hilo ni la kukimbilia hospitali, kwa sababu usaha huharibu kiungo kwa siku chache.

Nije kwenye jembe. Swali lako nimelipenda, na nadhani daktari naye angelipenda kama angekuwa na muda. Mtu anayelima mlima wa Uporoto anafanya mazoezi gani tena? Nikuulize na mimi: ukilima, ni misuli ipi inayochoka? Mgongo, mabega, mikono. Mguu wenye goti bovu unaubembeleza, uzito unauweka kwa mwenzake, bila hata kujua. Miaka mitano ya kubembeleza, paja la mguu huo linanywea. Jipime mwenyewe kwa kanga, zungushia paja moja kisha jingine, uone. Paja likinywea, ile kamba ya hema imelegea, na kila ukiteremka goti linabaki peke yake. Kazi inachosha misuli iliyokuwa na nguvu tayari. Mazoezi ya tiba yanaifuata ile iliyolala, kidogokidogo, bila gunia kichwani.

Nayo ni ya kawaida kiasi kwamba watu huyadharau. Unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu mbele mpaka uwe sawa, unahesabu mpaka tano, unashusha polepole. Unasimama kutoka kwenye kiti bila kusukuma na mikono, unakaa tena taratibu, mara chache kwanza, kisha zaidi. Kiti kirefu kikiwa chepesi, unahamia kifupi. Mara tatu kwa wiki hivi. Goti litauma kidogo ukifanya, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani wanalisaga. Maumivu ya wastani yanayotulia kufikia kesho yake hayana neno. Yakizidi mpaka kesho, punguza, usiache. Gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake hukipata kwa ute unaosukumwa ndani na nje goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Goti lililopumzishwa kabisa linakaa na njaa. Huko Denmark tangu 2013 wana mpango wa wiki sita, mazoezi mara mbili kwa wiki na masomo ya kuuelewa ugonjwa, umeenea nchi nyingine. Hakuna mashine ya ajabu pale, ni viti, mikeka na mtu wa kukuangalia. Ila nisikufiche, hapa hakuna siku ya tatu. Ni wiki sita, nane, hata kumi na mbili ndipo unaanza kuona tofauti, na ukiacha linarudi. Baada ya unga, subira hiyo itakuwa ngumu. Ukiweza kufika kitengo cha fiziotherapia hospitali ya rufaa pale Mbeya mjini hata mara mbili tatu, wakuonyeshe na wakukosoe, yanayobaki utayafanya uani kwako.

Uzito nitaugusa haraka maana umeshasemwa vya kutosha, na kama unga una kile ninachokihofia, hiyo njaa si ulafi wako. Kila kilo moja inayopungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo kilo tano tu, ambazo jirani hataziona, ni kilo ishirini kwa goti. Hesabu hatua kutoka juu mpaka nyumbani.

Sindano. Ziko za aina nyingi na watu huzichanganya. Ile ya steroidi inayochomwa ndani ya goti hospitalini inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, pengine miezi miwili, na humfaa mtu aliyezidiwa ili apate nafasi ya kuanza mazoezi. Hairudiwi ovyo, inapandisha sukari, na kwako wewe, kwa sababu ya unga, isizungumzwe kabla ya vipimo. Ile ya damu yako mwenyewe ni nyingine. Australia waliwachukua watu 288 wenye magoti kama yako, wakawagawa: wengine wakachomwa hiyo ya damu mara tatu, wengine maji ya chumvi mara tatu, bila mtu kujua kapata ipi. Matokeo yalitolewa 2021. Baada ya mwaka mmoja, waliochomwa damu hawakuwa na nafuu ya maana kuzidi waliochomwa maji, na gegedu nalo halikuonyesha tofauti. Wapo madaktari wazuri wanaoitoa na wapo wagonjwa wanaoapa imewasaidia, siwezi kuwaita waongo. Lakini anayekuambia gegedu litaota upya, kwa deni la mtoto wako, ningependa amwambie hivyo kwa maandishi.

Hapa nataka nimtetee mwanao kidogo. Yuko mbali, anasikia mama anateremka mlima kwa kuburura mguu, na kitu pekee anachoweza kukishika ni fedha. Ukimwambia "sitaki" tu, anasikia amekataliwa yeye. Je, umewahi kumwambia unachokitaka? Inawezekana sehemu ndogo sana ya fedha hiyo ikalipa nauli zako za fiziotherapia, kijana wa kushusha magunia wakati wa kuvuna, na fundi wa choo, na mtoto mchanga akabaki na maziwa yake. Inawezekana pia akaona ni vitu vidogo visivyomtosha kama mtoto wa kwanza, akakasirika. Hilo lipo. Unaweza kumwomba awaulize kliniki maswali matatu mkiwa pamoja kwenye simu: wagonjwa wangapi wa umri wangu wamepata nafuu baada ya mwaka, msipofanikiwa mnarudisha nini, na je, mtanipokea kabla presha haijashuka? Majibu muyasikie wote wawili. Na mkewe, ambaye unamwogopa kwenye barua nzima, sijaona mahali umesema amelalamika.

Kuhusu shamba, sitakuambia uachie wala ung'ang'anie. Unaujua ukoo wako, mimi siujui. Lakini nashuku kuna safari kati ya kulima yote na kufuga kuku. Goti lako haliogopi viazi, linaogopa lumbesa, linaogopa kuchuchumaa mchana kutwa ukichambua, linaogopa kuteremka na mzigo. Mizigo ikagawanywa kwenye viroba, ukachambua umekaa kwenye kigoda, ukateremka mshazari badala ya moja kwa moja, mkono wa kushoto una fimbo kwa sababu goti baya zaidi ni la kulia (watu wengi huishika upande unaouma, ndivyo sivyo), na mguu mbaya ndio unaotangulia kushuka, pengine ekari hiyo bado iko ndani ya uwezo wako, au nusu yake. Kijana wa shemeji anaweza kulima kwa mkataba wa msimu mmoja ulioandikwa mbele ya viongozi wa kijiji, mkagawana. Hatari yake umeshaitaja mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki, na hati ya hakimiliki ya kimila huombwa kijijini. Kwamba ulipewa mbele ya watu ni jambo zuri, ila watu hao nao wanazeeka. Kuomba hati sasa kunaweza kuleta maneno nyumbani. Kutoomba nako kuna maneno yake, yatakuja baadaye.

Na mumeo, muulize. Si kwa ugomvi, siku mmekaa jikoni mnaota moto. "Ukisema nipumzike, unamaanisha nini?" Mimi niliwahi kukaa mwaka mzima na neno la marehemu mume wangu, nikidhani amenichoka, kumbe alikuwa anaogopa kubaki peke yake. Sisemi wa kwako ndivyo. Nasema umemsikilizia kwa masikio ya goti.

Nimalizie choo na mkeka. Seremala yeyote anaweza kutoboa kiti imara cha mbao, ukakiweka juu ya tundu, pembeni ukapigiwa nguzo ya kushika. Ukikitumia wewe mwaka huu, utashangaa ni wazee wangapi wa mtaa wataomba kuja "kusalimia". Maji unywe.

Msibani, yule aliyesema nyuma yako alisema, na ilichoma. Lakini waliofiwa misiba ile miwili hawakuhesabu nani yuko kwenye kiti. Walihesabu nani hakuja. Unaweza kwenda mapema ukakaa karibu na wapishi, ambako kuna vigoda na hakuna anayeuliza. Unaweza kumwambia mmoja tu, mwenye mdomo mpana kuliko wote, kwamba goti halikunjiki, naye atawafikishia wengine kabla chai haijaiva. Au unaweza kukaa kwenye kiti, ukanyamaza.

Niandikie tena. Nataka kwanza kusikia hospitali wamesema nini kuhusu kichupa, hayo mengine yatafuata. Na binti akinyoosha kanga kupima mapaja, aandike sentimita za kila moja na tarehe, tutazihitaji baada ya wiki nane.